Kaskazini Pasipo Kaskazi

Jina la Kariakoo latokana na jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi wa kijeshi kilichopiga kambi hapo baada ya Waingereza kuiteka Dar es Salaam mwaka 1916. Kambi ilikwisha, pakawa soko, na jina likabaki.

Majina ya pande za dunia nayo yana historia yake. Watu wa pwani waliita kaskazini upande utokako upepo wa kaskazi, na kusini utokako kusi. Mashariki, kwa asili yake ya Kiarabu, ni mahali pa kuchomoza jua. Lakini anga za juu hazina pepo hizo, na chombo kiizungukacho dunia kwa dakika 90 huona macheo 16 kwa siku. Katika sayari ya Zuhura jua huchomoza magharibi. Mwanafunzi aliyefunzwa kuwa mashariki ndiko litokako jua atadhani kitabu kimekosea.

Kinachotakiwa, basi, si maneno mapya bali fasili mpya. Kaskazini ya sayari ni ncha yake iliyo upande mmoja na ncha ya kaskazini ya dunia. Mashariki ni mkono wa kulia wa mtu aielekeaye ncha hiyo. Jina libaki, kama Kariakoo. Fasili ndiyo ihame.