Peugeot 404 na Datsun 240Z: lipi gari la Safari?

Pasaka ya mwaka 1968 mvua iliharibu vibaya barabara za mashindano ya magari ya Safari ya Afrika Mashariki. Magari 93 yalianza, yakamaliza 7 tu. Walioshinda ni Nick Nowicki na Paddy Cliff, ndani ya Peugeot 404. Wawili hao walikuwa wameshinda na 404 mwaka 1963 pia, na mwaka huo nao yalimaliza magari 7 tu kati ya 84. Mwaka 1966 na 1967 kombe lilichukuliwa na Bert Shankland na Chris Rothwell wa Tanzania. Nao walikuwa na 404.

Gari lenyewe ukilitazama huoni la mashindano. Lilitoka Ufaransa mwaka 1960, umbo likiwa la Pininfarina wa Italia: milango minne, kiti kipana cha nyuma, gia kwenye usukani. Injini yake ya sentimita za ujazo 1,618 ililazwa kwa nyuzi 45 ili boneti iwe chini. Springi zake laini zilimeza mashimo, na bodi ilivumilia kipigo. Ndiyo maana wakulima waliipenda pikapu yake, na familia zilijazana ndani ya stesheni wagoni.

Datsun 240Z ni kizazi kingine. Ilitoka Japani mwaka 1969: viti viwili, boneti ndefu, silinda sita, sentimita za ujazo 2,393. Dereva hukaa nyuma kabisa, karibu juu ya ekseli. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nayo, Shekhar Mehta akawa wa pili, naye pia katika 240Z. Mehta alizaliwa Kampala, na mwaka 1972 Idi Amin alipowafukuza Waasia, alihamia Kenya. Mwaka uliofuata yeye na Lofty Drews walimaliza Safari wakiwa sawa kwa pointi na Harry Källström, aliyekuwa katika Datsun nyingine, na ushindi ukapewa Mehta. Sijui kama kuna ushindi wa Safari ulioniingia moyoni kuliko huo.

Kwa mwendo, 404 haiwezi kuifikia 240Z. Lakini Safari ya mwanzo haikuwa ya mwendo. Magari yaligawanywa kwa bei ya dukani, ili mwananchi ajue lipi linafaa barabara zetu kabla hajatoa fedha zake. Kwa kipimo hicho, gari lililoshinda mara nne ndani ya miaka sita, na ambalo Jumatatu lilipeleka mboga sokoni, ndilo gari la Safari.

Ile 240Z ya mwaka 1971 ipo Japani, kampuni ya Nissan imeikarabati na kuitunza. Kama 404 ya babu bado imesimama uani kwenu, usiwape wanunuzi wa vyuma chakavu. Mtafute fundi.