Hesabu ya Karanga za Nachingwea

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Lakini mradi wa karanga wa Tanganyika ulikuwa na daftari, tena lenye tarakimu nyingi, na mali ikapotea vile vile. Kosa lilikuwa wapi?

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilipungukiwa na mafuta ya kula. Mwaka 1946 ujumbe wa watu watatu ulioongozwa na John Wakefield ulizuru Afrika ya Mashariki kwa majuma tisa, na sehemu kubwa ya nchi ukaitazama kutoka katika ndege. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ikakubali kulima eka 3,210,000 kwa gharama ya paundi milioni 25 hivi. Faida ilikisiwa kuwa paundi milioni 10 kila mwaka, yaani fedha ambazo Waingereza wangaliziokoa katika kununua chakula. Sehemu kubwa ya mashamba ilikusudiwa kuwa Jimbo la Kusini, na makao yake Nachingwea.

Hesabu hiyo ilikuwa na kasoro tatu. Kwanza, haikutanguliwa na shamba la kutosha la kujaribia udongo, mvua na mitambo. Pili, Nachingwea haikuwa na reli wala bandari ya kina. Ilibidi vijengwe kabla karanga hazijalipa hata senti. Tatu, nayo ndiyo kubwa, faida ilipimwa kwa meza ya mlaji wa Uingereza. Mkulima wa Ruangwa au Mkotokuyana hakuwa na safu yake daftarini: hayakuandikwa atakayoyapoteza, wala hakuulizwa anayoyajua juu ya ardhi yake.

Januari 1951 mradi ukaachwa, na paundi milioni 36 hivi zikafutwa. Reli ikakosa mzigo, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikafungwa.

Yako yaliyosalia. Bandari ya Mtwara, iliyofunguliwa mwaka 1954, ingali ikitumika. Na tangu mwaka 1965 Nachingwea ilikuwa na kambi ya mafunzo ya wapiganaji wa FRELIMO. Hakuna karani wa mwaka 1947 aliyeweza kuiandika faida hiyo. Hata hivyo, heri iliyokuja kwa bahati haifuti kosa la aliyekisia vibaya.

Basi kupima gharama na faida si kujumlisha tu. Kabla ya kuuliza ni kiasi gani, sharti iulizwe: nani atalipa, na nani atafaidi?