Hazina Iliyohama Nyumba: Makumbusho ya Misri kuanzia 1835

Tarehe 15 Agosti 1835 mtawala wa Misri, Muhammad Ali Pasha, alitoa amri ya kukataza vitu vya kale kusafirishwa nje ya nchi. Vilivyookolewa viwekwe Kairo, mtaa wa Ezbekiya, chini ya Rifa'a al-Tahtawi, msomi aliyerudi kutoka Paris na kuongoza shule ya lugha. Hapo ndipo Makumbusho ya Misri yalipotungwa mimba. Nchi iliyokuwa dola moja tangu enzi za mfalme Narmer, yapata mwaka 3100 kabla ya Kristo, ilikuwa imewekewa kanuni ya kulinda alichokiacha Narmer na wote waliomfuata.

Amri ilikuwepo, lakini mlinzi hakuwepo. Pasha mwenyewe alikuwa ameshawapa Wafaransa mnara wa jiwe wa Luxor, ukasimikwa Paris mwaka 1836. Vitu vya Ezbekiya vikahamishiwa Ngome ya Salahuddin, vikapungua hadi kutosha chumba kimoja. Mwaka 1855 Maximilian, mwana wa kifalme wa Austria, alikuja kutembea, na mtawala wa wakati huo, Said Pasha, akampa mgeni wake vyote vilivyobaki. Viko Vienna mpaka leo. Kila ninapoisoma habari hiyo moyo huniuma. Miaka 20 ya kukusanya iliishia kwenye zawadi moja.

Ilibidi kuanza upya. Mwaka 1858 Said alimteua Mfaransa Auguste Mariette kuongoza idara mpya ya mambo ya kale. Mariette alikuwa ameletwa Misri na makumbusho ya Louvre ya Paris mwaka 1850 kununua miswada ya Wakopti, Wakristo wa Misri. Badala yake akachimba Saqqara, akafukua makaburi ya mafahali watakatifu, na vingi alivyovipata vikaenda Paris. Mtu huyohuyo alipokabidhiwa funguo, aligeuka. Alichukua majengo chakavu ya kampuni ya stima kwenye bandari ya Bulaq, na mwaka 1863 mtawala mpya, Ismail, akayafungua kuwa makumbusho. Miaka minne baadaye, wakati wa maonyesho makubwa ya Paris, mke wa mfalme wa Ufaransa alivitamani vito vya Malkia Ahhotep. Ismail alimjibu kwamba kule Bulaq yuko mtu mwenye nguvu kuliko yeye, na Mariette akakataa. Vito vikarudi nyumbani. Hata walio na mengi ya kumlaumu Mariette, nami ni mmoja wao, hawawezi kumnyima sifa hiyo.

Kitu kimoja cha enzi zile kinastahili kutazamwa kwa karibu. Mwaka 1860 wachimbaji wa Mariette, wanavijiji wa kawaida, walifukua Saqqara sanamu ya Ka-aper, kuhani aliyeishi zaidi ya miaka 4,400 iliyopita. Imechongwa kwa mti wa mkuyu na urefu wake ni kama sentimita 112. Mikono ilichongwa peke yake kisha ikaunganishwa na mwili. Tumbo limetuna, mashavu yamejaa, kichwa hakina nywele. Macho ni ya fuwele iliyozungushiwa shaba, na mwanga ukiyapiga unaona kama mzee anakuangalia yeye kwanza. Wachimbaji walipomtoa mchangani walipiga kelele kwamba huyu ni jumbe wao, kwa jinsi alivyofanana na mkuu wa kijiji chao. Jina la Sheikh al-Balad, yaani jumbe wa kijiji, likamganda. Wale watu hawakujua kusoma hata herufi moja ya maandishi ya kale, ila ndugu yao walimtambua.

Kusoma ndiko kulikokuwa na ugomvi. Tangu Mfaransa Champollion alipofumbua maandishi yale mwaka 1822, elimu hiyo ilikuwa ya Wazungu. Mwaka 1869 shule ya lugha ya kale ilifunguliwa Kairo kwa ajili ya vijana wa Kimisri, na mmojawapo alikuwa Ahmed Kamal, aliyezaliwa mwaka 1851. Mariette aliogopa wasije wakachukua nafasi za Wazungu, akazuia hata wasinakili maandishi ndani ya makumbusho. Shule ikafungwa baada ya miaka michache, na wahitimu wake wakakosa kazi waliyoisomea.

Kamal hakukata tamaa. Julai 1881, Mariette akiwa ameshafariki, kijana huyo alikuwepo karibu na Luxor pale ukoo mmoja wa kijiji cha Qurna ulipobanwa hadi ukatoboa siri ya shimo ambalo vitu vyake uliviuza kidogokidogo kwa miaka kumi. Ndani mlikuwa na mumia zaidi ya 40, Ramses II na Thutmose III wakiwemo, waliofichwa na makuhani kuwaepusha na wezi. Zilitolewa kwa saa 48, zikapakiwa kwenye stima kwenda Bulaq. Stima iliposhuka na mto, wanawake walitembea kingo za Nile nywele zikiwa wazi, wakilia na kujimwagia vumbi, na wanaume wakapiga bunduki hewani kama kwenye mazishi. Hakuna aliyewaagiza. Walikuwa wanazika wafalme wao mara ya pili.

Bulaq haikufaa. Mafuriko ya 1878 yalikuwa yameshaingia ndani na kuharibu vitu vingi, pamoja na karatasi za Mariette mwenyewe. Mwaka 1890 hazina ikahamishiwa kasri la Ismail kule Giza, na tarehe 15 Novemba 1902 likafunguliwa jengo jekundu lililochorwa na Mfaransa Marcel Dourgnon, kwenye uwanja ambao sasa unaitwa Tahrir. Nchi ilikuwa chini ya Waingereza tangu 1882. Ukutani palichongwa majina ya wataalamu wa Ulaya, kwa Kilatini, lugha ambayo mpita njia wa Kairo hakuwa na haja nayo. Mwaka 1904 Uingereza na Ufaransa ziliandikiana kwamba mkuu wa mambo ya kale ya Misri ataendelea kuwa Mfaransa. Wamisri hawakuulizwa.

Wakati huo Kamal alikuwa ndani ya jengo, akiandika kamusi ya lugha ya kale iliyofikia majuzuu 22, akilinganisha maneno ya kale na Kiarabu. Alifariki mwaka 1923 bila kuiona imechapishwa.

Mwaka mmoja kabla, mchimbaji Mwingereza Howard Carter alikuwa amelifungua kaburi la mfalme Tutankhamun. Wakati ulikuwa mwafaka: Februari 1922 Uingereza ilikuwa imetangaza uhuru wa Misri, ingawa uhuru wenyewe ulikuwa na mapengo, na Novemba kaburi likapatikana. Zamani mchimbaji aligawana vitu na serikali. Serikali ya waziri mkuu Saad Zaghloul ilikataa. Mwaka 1924 Carter alipofunga kaburi kwa hasira, serikali ilibadilisha kufuli, na alirudi kazini baada tu ya madai ya mgawo kuachwa. Vitu 5,398 vilibaki Misri. Kinyago cha dhahabu cha zaidi ya kilo 10 kimekuwa nembo ya nchi, lakini kwangu mimi kufuli lile lina thamani yake pia.

Baada ya mapinduzi ya 1952 Mustafa Amer akawa Mmisri wa kwanza kuongoza idara, zaidi ya miaka 90 baada ya Mariette kuteuliwa. Sheria ya 1983 ikafunga biashara ya vitu vya kale kabisa.

Usiku wa tarehe 28 Januari 2011, jengo la chama tawala likiwaka moto jirani, wezi waliingia jengo la Tahrir kupitia paani. Walivunja makabati, wakaharibu vitu, wakaiba vingine. Nje, vijana waliotoka kwenye maandamano dhidi ya serikali walishikana mikono kuyazunguka makumbusho hadi jeshi lilipofika. Na tarehe 3 Aprili 2021 mumia 22, wafalme 18 na malkia 4, zilitoka Tahrir kwa magari yaliyopambwa hadi makumbusho mapya ya Fustat, ambako Misri ya Mafirauni, ya Wakopti na ya Waislamu imewekwa chini ya paa moja. Mizinga 21 ilipigwa. Safari hii hapakuwa na vilio.

Makumbusho Makubwa ya Misri yalifunguliwa rasmi Giza tarehe 1 Novemba 2025, kama kilomita mbili kutoka kwenye piramidi. Ukumbini anapokea wageni Ramses II wa tani 83, yule aliyesimama mbele ya stesheni ya reli ya Kairo tangu 1955, na ambaye mwaka 2006 watu walikesha barabarani kumsindikiza akihamishwa. Vitu vyote vya Tutankhamun vimekusanywa humo.

Jengo jekundu la Tahrir bado liko wazi. Bustanini amezikwa Mariette, sanamu yake imesimama kando ya jeneza la jiwe, na kuizunguka pamepangwa vichwa vya wataalamu wengine. Kimojawapo ni cha Ahmed Kamal.