Siri Si Gari, Siri Ni Mpaka

Ikifika Novemba, sisi tunaanza kuwaza Krisi na vile nauli ya ushago itapanda. Wakati huohuo, kule Ujerumani, Uholanzi na Uingereza, wazee waliostaafu wanajaza maji na gesi kwenye magari yenye kitanda, jiko na choo, wanafunga nyumba, wanakimbia baridi. Wanapita Ufaransa, wanashuka Uhispania, na wengine wanapanda feri pale Algeciras hadi Moroko, wakaote jua Agadir mpaka Machi. Ukiona picha zao utasema hawa ndio watu huru. Lakini huo uhuru ulitoka wapi?

Haukutoka kwa gari. Nyumba ya magurudumu ni kitu cha zamani. Mwaka 1885 William Gordon Stables, aliyekuwa daktari wa jeshi la majini la Uingereza, alizunguka nchi yake ndani ya moja iliyovutwa na farasi. Mwaka 1931 Mjerumani Arist Dethleffs, mtengenezaji wa mijeledi, aliunda ya kuvutwa na gari ili mchumba wake asafiri naye kikazi. Volkswagen ilianza kutengeneza Kombi mwaka 1950, na mwaka uliofuata Westfalia ikawa na vifaa vya kuigeuza chumba cha kulala. Ndiyo, Kombi ileile iliyobeba watalii huku kwetu.

Kilichobadilisha mambo ni sheria. Kwanza, muda: Ufaransa ilimpa mfanyakazi wiki mbili za likizo ya malipo mwaka 1936, baada ya migomo mikubwa. Watu walizipigania. Pili, mpaka: mwaka 1985 nchi tano zilitia saini mkataba wa Schengen, na tarehe 26 Machi 1995 ukaguzi ukaondolewa kati ya nchi saba, Uhispania ikiwemo. Mzee wa Hamburg akaendesha hadi Malaga bila kuulizwa anaenda wapi.

Kama hujaamini, waangalie Waingereza. Tangu 1 Januari 2021, baada ya kujitoa Umoja wa Ulaya, mtalii wao anaruhusiwa siku 90 tu katika kila siku 180. Gari ni lile, pensheni ni ile, lakini Novemba hadi Machi haiingii tena. Na Machi 2020, Moroko ilipofunga mipaka kwa sababu ya korona, magari hayo yalipanga foleni ndefu karibu na Ceuta, wenyewe wakiomba kutoka Afrika.

Sasa hapo ndipo roho yangu huuma. Bahari ya Gibraltar, mahali pembamba zaidi, ni kilomita 14 hivi. Mzee anavuka kuja kusini akinywa kahawa kwenye feri. Kijana wa Kiafrika anayeelekea kaskazini kwa mtumbwi, akijaribu maji hayohayo, anaweza kufa. Tofauti yao ni kijitabu mfukoni.

Kwa hivyo tusikae tukitamani magari ya watu. Tangu 2014 Mkenya anaingia Uganda na Rwanda kwa kitambulisho tu. Hiyo ndiyo Schengen yetu changa, na ni serikali zetu zilizoamua, hatukusubiri ubalozi wowote. Swali langu ni moja: mbona tuliishia hapo, na Afrika ina nchi 54?