Kondoo na Panya katika Sinema

Msomaji, picha huweza kumhukumu mtu kabla hajafungua kinywa. Mwaka 1936, huko Marekani, kazi zilipokuwa adimu, Charles Chaplin alitoa filamu iitwayo Modern Times. Yaanza kwa kundi la kondoo weupe wakisongamana, na katikati yao mmoja mweusi. Mara kondoo hutoweka, na mahali pao twaona umati wa watu wakienda kazini. Kiwandani Chaplin hukaza nati bila kupumzika, hata mikono yake yashindwa kuacha mwendo ule. Twacheka, lakini moyo umekwisha kuwa upande wa yule asiyefanana na wenziwe.

Mwaka 1940 serikali ya Hitler ilitumia ufundi uo huo kwa nia ovu. Filamu ya Der ewige Jude ilionyesha panya wakienda makundi makundi, kisha ikaonyesha Wayahudi. Kufikia mwaka 1945 Wayahudi wapatao milioni 6 walikuwa wameuawa.

Basi, uketipo mbele ya sinema, mtazame aliyetengwa, kisha ujiulize: ni tendo lake lililokufanya umpende au umchukie, au ni mnyama aliyewekwa kando yake?