Kifafa, Pumzi na Moyo

Leo tuzungumze juu ya kifafa.

Tangu zamani hapa pwani, mwenye kifafa akikutwa asubuhi amefariki kitandani, watu husema ni majini, au amerogwa. Wakati mwingine mama mwenyewe hulaumiwa. Sikiliza basi historia hii.

Mwaka 1906 daktari Mwingereza aitwaye Russell aliandika katika jarida la Lancet jinsi mapigo ya mgonjwa wake yalivyokatika kifafa kilipoanza kumshika. Kumbe kifafa hakiishii kwenye mikono na miguu! Moyo hupiga wenyewe, lakini ubongo huuharakisha au kuupunguza mwendo kwa njia ya mishipa ya fahamu. Ubongo huohuo ndio unaoamuru pumzi. Kifafa ni vurugu ya ghafla katika ubongo. Mara nyingi vurugu hiyo huufanya moyo uende mbio. Mara chache huweza kuusimamisha.

Mwaka 2013 watafiti walitoa taarifa za wagonjwa waliofariki ghafla hospitalini wakiwa wamefungwa vipimo. Baada ya degedege, pumzi ilikatika kwanza, kisha moyo ukasimama. Wengi wao walikuwa wamelala kifudifudi.

Je, hapa kwetu? KEMRI na Wellcome Trust wana kituo cha utafiti Kilifi tangu mwaka 1989. Kati ya 2008 na 2011, watu 754 wenye kifafa cha degedege walifuatiliwa huku. Walifariki 61, zaidi ya mara sita ya ilivyotarajiwa. Zaidi ya nusu waliuawa na kifafa chenyewe, hasa degedege lililokaa muda mrefu. Wachache yaelekea walikufa kifo cha ghafla. Na wale wasiomeza dawa sawasawa walikuwa hatarini zaidi ya mara tatu kuliko waliozimeza.

Hapo ndipo penye neno langu kwako. Fenobabitoni, dawa inayotumika tangu mwaka 1912, bado iko, na zipo nyingine. Mtoto akikaa miezi bila kuanguka, usiseme amepona ukaacha dawa. Ni dawa inayomlinda. Kuikatiza ghafla kwaweza kuleta degedege kali. Zikikaribia kwisha, nenda kliniki mapema.

Degedege likimshika, ondoa vitu vya kumuumiza na usimtie kijiko mdomoni. Likitulia, mlaze ubavu, hakikisha anapumua, kaa naye mpaka azinduke. Likipita dakika tano, au likirudi kabla hajazinduka, mpeleke hospitali mbio. Usiku asilale peke yake.

Na jirani akifiwa hivyo, usimtafutie mchawi. Mpe pole, kisha muulize kama yuko mwingine nyumbani mwenye kifafa, na kama dawa zake zipo.