Kabla ya DM Kulikuwa na Gulio: Jinsi Muuzaji wa Moshi Alivyobaki Peke Yake na Mteja Mkorofi

Saa tano usiku, maeneo ya Pasua, Moshi. Dada mmoja (jina kapuni) yuko kitandani, mtoto kashalala, simu inatetemeka. Anajua ni oda. Anafungua: "Nakujua unapokaa. Rudisha hela yangu, la sivyo kesho utaniona mlangoni." Dakika mbili baadaye inaingia picha. Ni ile aliyoiweka status wiki iliyopita, yuko na mwanae nje ya nyumba.

Kisa chenyewe ni raba. Raba za mtumba, kali kweli kweli, alizozichagua Memorial asubuhi na mapema, akazisugua kwa mswaki, akazipiga picha, akaziuza elfu 45. Mteja kapelekewa na bodaboda, kazivaa siku nane, halafu anataka hela irudi na raba abaki nazo. Na huyu huyu mteja, kabla hata hajalipa, alishamwandikia, "Usitume boda, niletee mwenyewe, niko rumu peke yangu." Dada wa watu akajifanya hajaiona hiyo meseji. Biashara bana, unavumilia mengi.

Wengi wakisikia stori kama hii wanasema mitandao imeharibu watu. Mimi hapo nabisha. Mnunuzi wa kutisha watu hakuanza na Instagram. Zamani alikuwepo, ila muuzaji alikutana naye mbele za watu. Leo anakutana naye kitandani, saa tano usiku, peke yake.

Turudi nyuma kidogo. Uchaggani, soko lilikuwa la wanawake. Ndizi, maharage, ulezi, magadi, vyungu, yote yalikaa chini mbele ya akina mama, na mwanaume alikuwa wa kupita tu. Magulio yalipokezana siku, leo huku, kesho kutwa kule, na ukipanda Mwika au Marangu Mtoni siku ya gulio utaona mambo bado ni yale yale. Sasa piga picha mnunuzi anamtishia bibi yako pale katikati. Kulia kwake kakaa wifi, kushoto jirani, nyuma shangazi wa yule yule mnunuzi. Kabla hajamaliza sentensi, ukoo mzima unajua, na jioni baba yake anaulizwa kwenye mbege. Hakukuwa na haja ya kupiga skrinishoti, maana macho mia yalikuwepo.

Halafu ikaja kahawa, na hapo mnunuzi akawa mkubwa kuliko soko.

Kahawa ilifika mlimani na mapadri wa misheni ya Kilema, mwishoni mwa karne ya 19. Wachagga walipoanza kuilima wenyewe kwa wingi miaka ya 1920, masetla wa Kizungu hawakufurahi kabisa. Walisema mashamba ya Waafrika yataleta magonjwa kwenye kahawa yao, lakini wasiwasi mwingine ulikuwa wazi: mtu mwenye kahawa yake nani atamchumia mwingine kwa kibarua? Mkulima mmoja mmoja, na gunia lake moja, angebishana na nani? Ndiyo maana mwaka 1925 wakaunda chama chao, Kilimanjaro Native Planters Association, Joseph Merinyo akiwa kinara wake. Wazo lilikuwa rahisi: tukiuza pamoja, hatutishiwi mmoja mmoja. Mwaka 1933 nafasi yake ikachukuliwa na KNCU, ile ile ambayo jengo lake unalipita ukiwa mjini karibu na mnara wa saa.

Lakini tusidanganyane, hii stori haiishii kwa furaha. Serikali ya kikoloni ikaweka amri kwamba kahawa yote ya Wachagga ipite KNCU. Ukiuza pembeni, una kesi. Yaani mnunuzi sasa ni mmoja, na nyuma yake kuna askari. Bei ziliposhuka, watu wakahoji: kwa nini nilazimishwe kumuuzia huyu huyu? Mwaka 1937 hasira zikalipuka, maghala ya ushirika yakavamiwa, watu wakakamatwa. Chombo kilichoanzishwa ili muuzaji asionewe, wapo waliokiona ndicho kinachowaonea. Hiyo sehemu huwa hatuisimulii sana tukijisifia kahawa yetu.

Miaka ya ujamaa naipita haraka. Katikati ya miaka ya 1980 biashara ikafunguliwa, mitumba ikamiminika, na mji wa Moshi ukapata chuo kikuu chake kinachoitwa Memorial. Pale ukorofi upo, matusi yapo, ila na mashahidi wapo. Ukimletea fujo muuza jinzi, muuza mashati wa meza ya pili anaacha wateja wake anakuja.

Mwaka 2008 M-Pesa ikaingia Tanzania. Ikawezekana kumuuzia mtu ambaye hujawahi kumwona sura na hutamwona. Dada zetu wakafungua maduka bila kulipa kodi ya fremu, na hilo ni jambo kubwa, tusilibeze. Lakini meza ya pili ikapotea. Na sisi wenyewe tukaweka hadharani namba ya simu, mtaa, sura, na sare ya shule ya mtoto.

Sheria ilifuata nyuma ikihema. Sheria ya Makosa ya Mtandao ilianza kutumika Septemba 2015, na wengi waliijua kupitia kesi za watu walioandika habari za viongozi. Ila ndani yake kuna kifungu cha 23, ambacho wauzaji wachache wanakijua. Kinakataza kumtumia mtu ujumbe kwa nia ya kumlazimisha, kumtisha, kumsumbua au kumuumiza kihisia. Adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au jela isiyopungua miaka 3, au vyote viwili. Mwaka huo huo ikapita Sheria ya Miamala ya Kielektroniki, inayoruhusu ujumbe wa simu kupokelewa mahakamani kama ushahidi. Na tangu usajili wa laini kwa alama za vidole ukamilishwe Januari 2020, namba inayokutisha ina jina la mtu nyuma yake.

Dada wa raba hakuyajua haya yote usiku ule. Alichotaka ni kumtukana, kisha kumbloku na kufuta kila kitu asilale nacho. Bahati nzuri alimpigia kwanza rafiki yake anayeuza vipodozi, akaambiwa: usifute hata nukta. Na usitukane, maana kifungu kile kile kitakukamata na wewe. Akapiga skrinishoti zote, namba na tarehe vikionekana, pamoja na ile meseji ya rumu aliyojifanya hajaiona. Akatunza ujumbe wa muamala. Akampigia bodaboda aliyepeleka mzigo, kijana akakumbuka mlango na sura. Kisha akajibu mara moja tu: "Kaka, mzigo uliupokea na kuuvaa. Vitisho vyako nimevitunza, kesho nakwenda polisi." Hapo ndo akambloku.

Asubuhi hakwenda peke yake. Walikwenda wanne: yeye, wa vipodozi, kaka yake na yule bodaboda. Akatoka na namba ya RB. Jirani wa geti la pili akaambiwa, mama mwenye nyumba akaambiwa, mwalimu wa mtoto akaambiwa nani tu anaruhusiwa kumchukua. Nilipomuuliza kama hakuona aibu kuutangazia mtaa mzima, akacheka. "Aibu ya nini? Nimetishiwa mimi, sijaiba."

Mchana simu ikaita kwa namba ngeni. Sauti ile ile, safari hii ya upole: "Dada yangu, tuyamalize kifamilia, nilikuwa na hasira." Akamwambia aje ayaseme hayo kituoni, mbele ya askari. Hajaja mpaka leo, na meseji zimekoma.

Siku hizi wako kumi na mbili kwenye kundi lao la WhatsApp, wote wauzaji wa Moshi. Mteja akianza vitisho kwa mmoja, namba yake inaletwa humo na wengine wanakuwa macho. Ukitaka raba yake, unalipa kwa lipa namba, unaichukua mchana pale Memorial kwenye meza ya rafiki yake, na unaijaribu watu wakikuangalia. Picha za mtoto keshazitoa.